Kamba ya Mtaa wa Tsurumachi

Shimonoseki, 4 Aprili 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha majira ya baridi kimekuacha. Mama hajambo? Magoti yake je? Sisi sote hatujambo. In-chan ameanza darasa la pili, na Bo-ram anajua kuhesabu hadi kumi kwa Kijapani, ingawa saba huwa anairuka.

Najua hukuja bandarini Busan kutuaga kwa sababu hukutaka kuniona nikipanda meli ile. Sikulaumu. Wajapani walipotutawala Babu alifungwa kwa kukataa kuinama mbele ya hekalu lao, akatoka gerezani akiwa wa kubebwa, hakuishi sana baada ya hapo. Na mimi mjukuu wake nimekuja kukaa kwao kwa hiari yangu. Mume wangu husema Mungu ndiye aliyetuita. Nami nasema hivyohivyo, ila nikikumbuka uso wako siku uliyokataa kula na sisi, sauti yangu hupungua.

Tumepanga nyumba iliyokuwa karakana ya fundi wa mikeka, mtaa wa Tsurumachi. Chini ndiko kanisa, juu tunalala. Jumapili ya kwanza ibadani tulikuwa sisi wanne na paka wa jirani. Jumapili ya pili paka hakuja.

Mkabala nasi anakaa mjane, Mama Kuroiwa, kiongozi wa akina mama wa mtaa. Juzi alituletea mfuko wetu wa taka hadi mlangoni, akasema, "Mke wa mchungaji, chupa si karatasi." Akainama vizuri kabisa, akaenda zake. Nimeshazigawa upya, kila aina na mfuko wake.

Utuombee, Baba, ukiweza.

Mwanao,
Yeon-sil


Shimonoseki, 28 Julai 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani na za mpunga? Sisi wazima, joto tu ndilo linatutoa jasho.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba barua zangu unaziweka kabatini bila kuzifungua. Basi hii nayo itawakuta wenzake humo.

Mambo yameharibika kidogo. Bwana Hamasaki, muuza samaki ambaye ndiye mwenyekiti wa mtaa, alikuja kukusanya mchango wa sikukuu ya hekalu. Ungemsikia mkwe wako. Alipiga magoti pale mlangoni akasema, "Bwana Mwenyekiti, kazi yoyote ya mtaa nipe, nitaifanya kwa mikono yangu. Lakini mchango wa hekaluni sitautoa. Babu wa mke wangu alikufa kwa jambo hilo."  Hamasaki alifunga daftari lake, akaondoka.

Tangu hapo ubao wa matangazo unaopita nyumba hadi nyumba unaturuka. In-chan hachaguliwi kwenye mchezo wowote. Mtu ametuandikia kikaratasi kwamba tunaimba kwa kelele, kwa hiyo sasa tunaimba madirisha yamefungwa, mwezi wa saba, kama watu wanaopikwa.

Lakini mume wangu Noh Tae-gyu ni yuleyule. Kila Jumamosi anachukua koleo, anazibua mtaro wa mtaa mzima peke yake, tope hadi kiunoni. Wanampita wakimwamkia kwa adabu, hakuna anayesimama. Jana nilimwambia, "Baba In-chan, wanakucheka." Akasema, "Wacheke. Mtaro unapitisha maji."

Nimechoka, Baba. Hilo sijamwambia yeye.

Mwanao,
Yeon-sil


Shimonoseki, 14 Oktoba 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini mmevuna salama.

Jana ilikuwa siku ya michezo ya mitaa. Ni siku kubwa hapa, watu wanaiongelea mwaka mzima. Juzi jioni Hamasaki alikuja mlangoni, kofia mkononi. Watu wake wawili wa kuvuta kamba walikuwa wameugua. Alisema, "Mchungaji, ulisema kazi yoyote ya mtaa. Kuvuta kamba ni kazi ya mtaa."

Ilikuwa Jumapili, najua utakavyosema. Tulifanya ibada alfajiri, kisha tukaenda sote. Tae-gyu akavuta, nami pia nikavuta.

Tulishindwa, Baba. Tulishindwa kwa aibu. Tsurumachi hawajawahi kushinda tangu Hamasaki awe kijana, na nimeelewa kwa nini. Kila mtu anavuta kwa wakati wake, mikono imekunjwa, vichwa juu, wengine wanatazama nyuma kuona kama wake zao wanawaona. Wale wa mtaa wa bandarini walitukokota kama mkokoteni wa mboga. Mama Kuroiwa alikuwa kando anapiga kelele, "Vuteni, vuteni," kana kwamba tumesahau tumekuja kufanya nini.

Nilipokuwa chini na vumbi mdomoni, nilikukumbuka wewe. Nilikukumbuka umesimama juu ya kamba yetu kubwa ya kijijini, nene kama gogo, bendera mkononi, mimi nikiwa mdogo mabegani kwa mama. Nikacheka hapohapo chini. Mama Kuroiwa alidhani nimeumia kichwa.

Mwanao,
Yeon-sil


Seokgok, 5 Novemba 1991

Yeon-sil,

Mnavuta kamba Siku ya Bwana. Mzee wa kanisa mzima nimezaa binti wa kuvuta kamba Siku ya Bwana.

Na mnavuta kama watu wanaochota maji kisimani. Mikono haivuti kamba. Mikono inashika tu. Kamba iwekwe kwapani, ibanwe na ubavu. Wapangwe mmoja kulia mmoja kushoto. Kiuno kishuke, visigino viingie ardhini, macho yatazame angani. Anayetazama mbele anamwona adui, na anayemwona adui kiuno chake kinapanda juu.

Mkisikia filimbi msivute. Shikilieni. Acheni wao wavute mpaka pumzi iwaishie, ndipo sauti moja iite, nanyi mwanguke nyuma pamoja kama ukuta. Lakini iwe sauti moja. Kelele za yule mjane wenu zikomeshwe.

Nani anakaa mwisho wa kamba?

Usidhani nimekubali jambo lolote. Mama yako mzima. Kikohozi kipo.

Baba yako


Shimonoseki, 12 Januari 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Nikapanda nayo juu nikalia, kisha nikashuka kuosha vyombo nikiwa nacheka.

Aliyekuwa anakaa mwisho wa kamba ni Bwana Nagatomi wa duka la saa, mwembamba kama mshale wa saa zake. Hamasaki alisema alipewa nafasi hiyo kwa heshima ya umri. Nilimtafsiria Hamasaki barua yako nzima sebuleni kwetu, pamoja na ile ya kuchota maji. Aliinamisha kichwa kama anasomewa hukumu. Mwisho akauliza, "Baba yako ni nani hasa?" Nikamwambia: mkulima, mzee wa kanisa, na nahodha wa kamba ya kijiji tangu kabla sijazaliwa.

Akasema, "Mwambie sisi ni wajinga, atufundishe."

Sasa wanafanya mazoezi uwanjani kila Jumamosi mchana, baada ya kuzibua mtaro. Nasema wanazibua, Baba. Tae-gyu hayuko peke yake tena. Hamasaki alitangaza kwamba anayetaka kushika kamba ashike koleo kwanza. Ubao wa matangazo nao umerudi. Mama Kuroiwa aliuleta mwenyewe akasema, "Ulikuwa umepotea njia."

Ibadani sasa tuko saba. Mke wa Hamasaki huja na kukaa karibu na mlango, haimbi, lakini safari hii alifungua dirisha tulipoanza wimbo.

Mwanao,
Yeon-sil


Seokgok, 3 Machi 1992

Yeon-sil,

Mwambie muuza samaki akae mwisho yeye. Mtu anayebeba makreti ya samaki miaka yote ana mgongo. Mzee wa saa apewe kazi ya kutazama pumzi za wapinzani, macho anayo.

Wavute mti kwanza, siyo watu. Mti hauchoki. Wakiweza kuushikilia mti bila kupanda juu, ndipo wavutane.

Mama yako anataka picha za watoto. Mimi pia.

Baba yako


Shimonoseki, 9 Agosti 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali ya Mama? Picha zilifika?

Nina habari mbili. Ya kwanza, nina mimba ya miezi mitatu. Daktari ananikataza kunyanyua chochote na kusimama muda mrefu, maana imeanza kwa matatizo. Mama Kuroiwa amejua kabla sijamwambia mtu. Alinipokonya ndoo mkononi akasema, "Una wazimu wewe? Ingia ndani." Tangu hapo taka zetu anazipanga yeye.

Ya pili ni ombi, na si langu peke yangu. Wanaume wa kamba walikuja jana wote, wakakaa kwenye mikeka ya kanisa, miguu imekunjwa. Wanaomba uje mwezi wa kumi. Hamasaki alisema wanajua kushika na wanajua kuanguka pamoja, lakini sauti hawana. Kila mmoja akiita, wenzake wanamcheka. Aliongeza kwamba wameomba kamati ya michezo isogeze ufunguzi, isianze kabla ibada yetu haijakwisha. Kamati imekubali. Fikiria, Baba, mitaa yote inangoja kanisa letu dogo liseme amina.

Njoo. Meli ni ya usiku mmoja tu.

Mwanao,
Yeon-sil


Seokgok, 30 Agosti 1992

Mwanangu,

Nimefurahi kuhusu mtoto. Lala, usinyanyue kitu. Huyo mjane amefanya vizuri.

Kuja siwezi. Shuleni nilichapwa kila niliposema jina langu. Mwalimu aliniita jina lao, nami niliitika kwa sababu viganja vilikuwa vinavuja damu. Baba yangu yeye hakuitika, na unajua alivyoishia. Siku ya uhuru niliapa kuwa lugha ile haitatoka tena kinywani mwangu. Nije uwanjani nisimame mbele yao niwaite kwa lugha gani?

Wafundishe wewe. Umetoka tumboni mwa kijiji hiki.

Baba yako


Seokgok, 20 Oktoba 1992

Mwanangu Yeon-sil,

Hujambo? Mtoto anacheza? Nimefika salama. Mama yako amenicheka tangu nishuke basi, kwa sababu nilimsalimia na hakuna kilichotoka. Sauti haijarudi hadi leo, nanyi niliwaacha nikiwa bubu, nawaaga kwa mikono. Ulisema unataka kujua kila kitu, maana ulilala juu huko ukisikia kelele tu. Basi nakuandikia.

Kwanza, kwa nini nilikuja bila kukuambia. Mama yako alisoma barua yangu ya kukataa kabla sijaifunga, akaituma hivyohivyo, kisha akasema, "Umemwandikia uongo. Si lugha unayoogopa. Unaogopa utawapenda." Nilikasirika wiki nzima. Wiki iliyofuata nikakata tiketi.

Nilipofika mlangoni kwenu na begi langu, In-chan hakunijua. Aliniamkia kwa Kijapani. Hilo liliniingia kama mwiba, kisha akaita "Babu" kwa lugha yetu na mwiba ukatoka.

Sasa uwanjani. Ibada ilikwisha, mkwe akasema amina, tukatoka. Watu wa Tsurumachi walikuwa wanatungoja mlangoni wamepanga mstari hadi barabarani.  Waliinama wote kwa pamoja. Nilitaka kutokuinama. Mgongo wangu ukainama wenyewe.

Mitaa miwili ya kwanza tuliitoa bila mimi kufungua kinywa. Nilikuwa nainua na kushusha kitambaa kama ishara, nao wananitazama mimi badala ya kutazama angani. Fainali ikawa na wale wa bandarini, wapakua mizigo, shingo kama za mafahali. Filimbi ikalia. Wakavuta. Watu wetu wakashikilia. Visigino vilichimba uwanja, Hamasaki nyuma kule uso umekuwa wa zambarau, mkwe anaomba kwa sauti huku kamba iko kwapani. Mzee wa saa akanigusa mkono, akanionyesha: wameanza kupumua midomo wazi. Nikainua kitambaa. Hakuna aliyeniona. Jasho liliwajaa machoni.

Basi nikaita. Niliita kwa lugha yetu, kama ninavyoita nyumbani: "Eoyeongcha." Nusu walianguka nyuma, nusu hawakuelewa. Kamba ikatuponyoka hatua mbili. Na hapo, mwanangu, nikasikia mwanamke nyuma yangu anaitikia. Anaitikia kwa lugha yetu, kwa lafudhi ya wilaya yetu, sauti iliyopanda kama ya msichana wa shambani. Niligeuka. Mama Kuroiwa.

Sikuwa na nafasi ya kumuuliza. Nikawageukia wanaume wale, na kile nilichokifungia miaka arobaini na saba kikatoka chenyewe. Niliwaita kwa Kijapani. "Pamoja. Sasa. Pamoja. Sasa." Yeye akapokea kwa lugha yetu, mimi naita kwa yao. Wakaanguka kama ukuta. Wale mafahali walikuja wakiburuzwa kwa makalio hadi kwenye mstari, na kupita mstari, kwa sababu hakuna wa Tsurumachi aliyejua namna ya kuacha. Walikuwa hawajawahi kufika hapo.

Hamasaki alilala chali akilia kama mtoto. Mkwe alinibeba mgongoni. Zile kelele ulizozisikia hadi kitandani ndizo hizo.

Sikujisikia nimeisaliti damu ya baba yangu. Nilidhani nitajisikia hivyo. Nilikaa kwenye ukingo wa uwanja nikingoja, haikuja.

Muulize yule mjane alijifunza wapi.

Baba yako


Shimonoseki, 27 Desemba 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sauti imerudi? Mimi naendelea vizuri, daktari ameacha kukunja uso.

Nilimuuliza. Alilikwepa swali miezi miwili, kisha siku ya Krismasi akaja kanisani kabla ya wote, akanisimulia tukiwa tunapanga vikombe. Alizaliwa kwetu, Baba. Alikulia Miryang, wilayani kwetu, hadi vita vilipokwisha. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miongoni mwa wale waliowapeleka watoto hekaluni kuinama. Alicheza na mabinti wa kijiji, akavuta kamba nao mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, na hakuna siku aliyomwambia baba yake. Wajapani walipofukuzwa alipanda meli na nguo alizovaa. Hapa hakumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

Alisema, "Siku mnahamia nilisikia unamgombeza mwanao kwa lugha ile. Nilifunga dirisha nikakaa chini. Niliogopa nikikuzoea nitaongea." Kisha akaniuliza kama chai iwekwe sasa au baadaye.

Kanisa lilijaa Krismasi hii. Viatu mlangoni vilifika barabarani. Mke wa Hamasaki ameomba ubatizo. Hamasaki mwenyewe anasema bado anafikiri, ila yeye ndiye aliyetengeneza benchi mpya na anawakaripia wanaochelewa.

Na wana ombi jingine. Wanataka kuja Seokgok mwezi mpevu wa kwanza, kuvuta kamba yenu. Mama Kuroiwa anataka kuja pia. Mimi sitaweza, mtoto atakuwa ndio kwanza amezaliwa. Wataruhusiwa?

Mwanao,
Yeon-sil


Seokgok, 8 Februari 1993

Mwanangu,

Hujambo wewe na kichanga chetu? Hamasaki ametuonyesha picha ya mtoto kabla hata hajavua viatu. Ana paji la uso la mama yako. Barua hii ataileta yeye, wanaondoka kesho.

Uliuliza wataruhusiwa. Haikuwa rahisi. Mzee Ma Sang-jun, ambaye kaka yake alichukuliwa migodini kwao na hakurudi, alikaa juu ya kamba tangu asubuhi. Alisema Mjapani hataigusa labda apite juu yake. Watu wengi walikuwa upande wake, na wageni wamesimama palepale kwenye theluji, wanaelewa bila kutafsiriwa. Nikaenda nikakaa karibu naye juu ya kamba. Nikamwambia, "Sang-jun, hawa wamemlea binti yangu nilipokuwa nimemnunia. Ukitaka kuwafukuza, tufukuze pamoja." Hakunitazama.

Ndipo Mama Kuroiwa akatoka kwenye kundi. Alipiga magoti mbele yake kwenye theluji, na watu wote wakasikia lugha yetu ikitoka kwake. Alisema, "Mimi ni binti wa mwalimu Kuga wa Miryang. Baba yangu aliwainamisha watoto wenu kwa nguvu. Hakuwahi kuwainamia ninyi. Mimi nimekuja kuinama." Akainama hadi paji la uso likagusa chini, na hakuinuka.

 Sang-jun alimtazama pale chini. Kisha akasema kwa ukali, "Inuka, utapata homa." Akashuka kwenye kamba, akamshika kiwiko, akampeleka mwenyewe upande wa wanawake, akamwonyesha mahali pa kushika. Mahali pale palikuwa pa marehemu mkewe.

Niliwagawa wageni nusu kwa nusu ili mtu asiseme nchi gani imeshinda. Tukavuta hadi jua likainama. Upande wa wanawake ulishinda, na kama wasemavyo wahenga, mpunga utakubali mwaka huu. Hamasaki alikuwa upande ulioshindwa na anasema alionewa.

Jana kanisani mchungaji aliniita niombe. Niliwaombea watu wa Tsurumachi, mmoja mmoja kwa jina, hadi paka wa jirani. Wageni walisikia majina yao tu kati ya maneno wasiyoyajua, na kila aliyetajwa aliitika, "Nipo."

Mwezi wa nne tutakuja mimi na mama yako, kwa ubatizo wa mtoto na wa mke wa Hamasaki. Nimemwambia mkwe anipe nafasi ya kusoma somo, kwa Kijapani, kwa hiyo anitumie maandiko mapema nifanye mazoezi.

Mama yako na Mama Kuroiwa wako jikoni. Kumbe yule bibi anaongea lugha ya mabinti wa zama zile, na matusi ya zama zile pia, na mama yako hajayasikia tangu aolewe. Wanacheka tangu chai ya asubuhi, kazi hazifanyiki. Nilitaka kwenda kuwaambia wapunguze sauti. Nimefika mlangoni, wamenisogezea kiti.

Baba yako